Tupa si dawa ya gasheti ngumu

Ndugu wafanyakazi wa Mitwaba, na ninyi mama munaosoma ukurasa huu jioni wakati bwana anaoga, leo sitasema habari ya kofia wala ya vumbi la mawe. Nataka kusema habari ya bunduki. Najua wengine watauliza: bunduki imeingia namna gani katika ukurasa wa Usalama na Afya? Imeingia kwa mulango wa atelie yetu. Mimi mwenyewe niliiona.

Ilikuwa Jumanne, saa ya kutoka kazi ikikaribia. Ajida mumoja wa polisi, mwenye kulinda depo, alikuja mpaka mbele ya eto yangu. Ni mutu wa heshima, tunajuana, watoto wetu wanasoma shule moja. Akanisalimia vizuri, akafungua mufuko wa ngozi, akatoa bastola mupya kabisa, bado inanuka grese ya kiwanda. Hakuwa na masasi ndani, alinionyesha kwanza. Kisha akasema: "Papa Fundi, nisaidie. Kitu hiki ni kigumu sana. Nikivuta, kinakwaruza kama mulango wenye kutu, halafu kinaruka kwa ghafula. Wewe una tupa nzuri na mukono mutulivu. Pitisha kidogo tu pale ndani, iwe laini."

Nilikataa. Ajida hakufurahi, na vijana wangu wawili wa atelie hawakufurahi pia. Mumoja akasema: "Papa, ni kazi ya dakika kumi, tena mutu wenyewe anatulinda." Maneno yake yalinifuata mpaka nyumbani, na ndiyo sababu ninaandika.

Sitaki kumucheka Ajida. Sababu yake ni ya kweli. Mutu akivuta gasheti ngumu yenye kukwaruza, mukono wote unakaza, mudomo wa bastola unageuka, na sasi linaenda mahali pengine. Mwenye kutumia mukono wa kuume mara nyingi anapiga chini na kushoto. Kwa depo yetu, upande wa kushoto ni njia ambako mama wanapita na ndoo za maji. Polisi ambaye hawezi kuweka sasi mahali anapotaka ni hatari kwetu sote, naye Ajida alikuwa amefikiri neno hilo mbele yangu. Kwa hiyo shida iko. Ninayokataa ni dawa yake.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Huku kwetu tunaita gasheti kile kipande tunachovuta na kidole. Mafundi wa silaha wenye kusema Kifaransa wanakiita detante. Kwao gasheti ni kipande kingine, kidogo, kilichofichwa ndani. Na nyundo ya bunduki wanaiita mbwa, juu zamani ilikuwa inashika jiwe la moto katika meno yake. Mimi nitafuata maneno yetu ya kila siku, na kile cha ndani nitakiita kizuizi.

Kazi ni hii. Katika bastola yenye nyundo, resori ya nguvu inasukuma nyundo kwenda mbele. Nyundo ina kato, na kizuizi kinaingia katika kato hilo, kinaishika isianguke. Ukivuta na kidole, kizuizi kinateleza kidogo kidogo mpaka kinatoka. Nyundo inaanguka, inapiga pini, pini inapiga kitako cha sasi, baruti inawaka. Mahali vipande hivyo viwili vinaposhikana ni padogo sana, mara nyingi hata milimeta 1 haifiki. Nguvu yote ya resori inalala juu ya ukingo huo mudogo.

Basi ile kukwaruza ya bastola mupya inatoka wapi? Inatoka kwa mistari midogo ambayo mashini za kiwanda ziliacha juu ya chuma. Inatoka kwa dawa ya kuzuia kutu, kwa grese nzito ya kusafirisha, kwa resori ambayo haijazoea kazi. Sisi mafundi tunajua mambo haya vizuri. Gia mupya zinalia siku za kwanza, kisha zinazoeana. Hatuzipigi tupa. Tunazipa mafuta na wakati.

Sasa ninyi vijana wa atelie, sikilizeni, juu hapa ndipo munapodanganyika. Vipande vile vimetiwa ugumu kwa moto. Mara nyingi ni ngozi ya juu tu iliyo ngumu, sehemu ndogo ya milimeta. Ndani chuma ni laini, ili kisivunjike kama chupa. Ukipitisha tupa, ao hata karatasi ya emeri, unaondoa ngozi hiyo. Siku ya kwanza utafurahi: gasheti inavutika kama siagi, na mwenye bastola anakununulia bia. Kisha chuma laini kinaanza kulika. Ukingo unakuwa muviringo. Pembe uliyoibadilisha kwa macho, bila kipimo, inafanya kizuizi kitake kutoka chenyewe. Mwezi mumoja umepita, pengine miwili, bastola inaanguka juu ya sakafu na nyundo inajiachia. Ao mwenye kupiga anataka sasi moja, na bastola inatoa mbili, tatu, mbio, juu nyundo haikamatwi tena wakati bastola inapojifunga. Masasi yale ya pili na ya tatu yanaenda juu, mahali hakuna mutu aliyepaangalia.

Kila mumoja wetu aliyefanya kazi na palan anaelewa. Palan ina meno, na ulimi wake unaanguka katika meno, ta-ta-ta, unazuia muzigo usirudi chini. Kama kijana wa kazi anachoka na kelele ile, akaondoa ncha ya ulimi ili mashini ipande kimya, tutamufukuza siku ile ile, na hakuna mutu atakayesema ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kizuizi cha bastola ni ulimi wa palan. Tofauti ni moja: chini ya palan tunaweka kamba na kibao cha kukataza watu kupita, lakini mbele ya mudomo wa bastola hakuna kibao.

Wengine wataniambia kwamba wafua-chuma wa Mitwaba wanatengeneza bunduki nzima, tangu wakati wa wazee, na watu wanakula nyama. Ni kweli. Bunduki zilijulikana Katanga zamani, Msiri wa Bunkeya, aliyekufa 1891, alizipata kwa biashara ya pembe na shaba, na wafua-chuma walijifunza kwa kuzitazama. Mpaka leo bunduki ya kienyeji, ile ya kutia baruti kwa mudomo, inatengenezwa na bomba la chuma, kipande cha muti, resori, na nyundo yenye kato moja ao mawili. Ninaheshimu mikono ile. Lakini nimeona pia kazi yake inapoharibika.

Nilikuwa kijana, bado sijaanza kazi ya mashini. Mujomba wangu alikuwa na bunduki ya namna hiyo. Nyundo yake ilikuwa ngumu, kidole cha muzee kilikuwa kinauma, akaipeleka kwa mufua-chuma. Huyu alipitisha tupa katika kato, akamurudishia jioni ile ile, kazi safi, muzee akafurahi sana. Msimu muzima wa kiangazi hakuna neno lililotokea. Kisha siku moja bunduki ilikuwa imesimama nyuma ya mulango, na baruti ndani, sawa vile wawindaji wengi wanavyofanya hata leo juu ya nguruwe wa shamba. Mulango ukasukumwa na upepo. Bunduki ikateleza, ikapiga udongo na kitako. Haikuguswa na kidole cha mutu yeyote. Mutoto wa mujomba, wa miaka tisa, alikuwa ameketi karibu na moto anachoma mahindi. Alipoteza muguu wa kushoto chini ya goti. Leo ni baba wa watu, anauza mafuta ya taa na unite za simu, na hapendi nisimulie habari hii. Nilimuomba ruhusa mbele ya kuiandika. Alisema: "Andika, lakini usiseme kwamba baba alikuwa mujinga." Sisemi hivyo. Muzee alikuwa mutu mwenye akili, tena mwangalifu. Aliona tu kwamba nyundo imekuwa laini, na hakuna mutu aliyemwambia kitu gani kilichoondolewa pamoja na ugumu.

Na silaha hazikukosa huku kwetu. Wengi wanakumbuka Mei 2006, Gédéon Kyungu Mutanga alipojitoa hapa Mitwaba kwa MONUC na watu wake. Wengine wanakumbuka pasta Ngoy Mulunda na PAREC yake, waliopita katika Katanga miaka ile wakibadilisha bunduki na kinga: unatoa silaha, unapewa kinga ya kupanda. Kinga nyingi zilitembea katika njia zetu kwa sababu hiyo. Lakini hakuna mutu atakayeniambia kwamba bunduki zote zilitoka chini ya vitanda. Nyingi kati ya zile zilizobaki hazikuonwa hata siku moja na fundi wa silaha wa kweli, na ni nani anayejua tupa ngapi zimepita ndani yao.

Turudi kwa bastola. Kuna hadithi moja ya bastola ambayo inafaa sana hapa, juu wazee wetu waliotumika jeshini wanaijua: Browning GP, ile ya Wabeleji. John Browning, Mumarekani, aliianza. Akafa 1926 huko Herstal katika kiwanda cha FN. Dieudonné Saive, Mubeleji, akaimaliza, na jeshi la Ubelgiji likaichukua 1935. Ndiyo maana ya jina GP35. Bastola hii ina kipande kimoja kidogo kilichotiwa kwa sababu jeshi la Ufaransa liliomba: ukiondoa shajeri, gasheti haifanyi kazi tena. Kipande hicho kinasukumwa juu ya uso wa shajeri na kinasugua pale kila mara unapovuta. Kwa hiyo gasheti ya GP inakwaruza, na watu wa nchi nyingi wamezoea kukiondoa. Ni kweli, inakuwa laini zaidi. Lakini fikiri juu ya askari aliyechoka, saa tisa ya usiku, anayetoa shajeri ili asafishe bastola yake. Anasahau kwamba sasi moja limebaki katika mututu. Na kipande kile, angalikiacha, kingalimuokoa siku moja katika maisha yake yote. Siku moja inatosha.

Musifikiri pia kwamba jambo hili ni la mafundi wa kijiji tu. Mwaka wa 2017, huko Marekani, ilijulikana kwamba bastola P320 ya kampuni SIG Sauer inaweza kupiga yenyewe ikianguka kwa pembe fulani. Moja ya sababu ilikuwa uzito wa gasheti yenyewe: bastola inapopiga chini na kusimama, gasheti iliendelea na safari yake nyuma, sawa na mutu aliyesimama katika lori lenye kufunga breki. Kampuni ikawapa watu nafasi ya kurudisha bastola zao kwa mapenzi yao, ikatia gasheti nyepesi na vipande vingine vipya. Hawa ni wainjinia, wana mashini za kupima na masasi ya kujaribu elfu na elfu, na bado jambo hilo liliwapita. Mimi nina eto, tupa tatu na taa moja.

Je, gasheti ya bastola haiwezi kulainishwa kabisa? Inaweza. Kuna mafundi wa kazi hiyo. Liège, ambako silaha zinajaribiwa mbele ya kuuzwa tangu 1672, vijana wanajifunza ufundi huo miaka na miaka. Fundi wa namna hiyo anatumia jiwe laini, siyo tupa; anashika kipande katika chombo kinacholinda pembe yake; anapima kwa uzito; kipande kikiharibika anakitupa na kutia kipya, juu anacho katika sanduku lake. Bastola nyingi za kazi zinaomba nguvu ya kilo 2 mpaka 5 kwa kidole. Haziombi hivyo kwa ubaya wa kiwanda. Mwenye kuzibeba ni mutu anayekimbia, anayeogopa, anayeanguka katika matope, na kidole chake kinakaza bila yeye kujua.

Kwa hiyo nilimwambia Ajida mambo ambayo ningemwambia ndugu yangu wa damu. Shajeri nje kwanza, kisha fungua, angalia ndani ya mututu kwa macho na kwa kidole, masasi yawe katika chumba kingine. Ondoa grese yote ya kiwanda kama kitabu cha bastola kinavyoonyesha, tia mafuta mepesi, matone machache tu, juu mafuta mengi yanakamata vumbi letu la mawe na kuwa kama karatasi ya emeri. Kisha zoea kuvuta bila sasi, mbele ya ukuta wa udongo munene, mara hamsini kila siku kwa juma kadhaa, kama kitabu kinaruhusu. Bastola zingine zinavunja pini kwa namna hiyo, zinaomba sasi la bandia. Vipande vitazoeana. Na kidole chako kitajifunza pia, jambo ambalo tupa haiwezi kukufanyia. Baada ya hapo, ukiona bado inakwaruza, ao uzito unabadilika leo hivi kesho vile, usiibebe kazini. Iandikie barua, ipeleke kwa fundi wa silaha wa polisi.

Alinijibu: "Papa Fundi, barua inakaa miezi." Hapo sikuwa na jibu. Ni kweli. Wakati wa mvua, lori la kutoka Likasi linalala njiani siku nyingi, na karatasi ya askari mudogo si kitu cha kwanza ambacho wakubwa wanafungua. Naona hapa ndipo wakubwa wa kampuni na wa polisi wanapaswa kukaa pamoja. Kama tunaomba polisi alinde depo yetu ya madini na mishahara yetu, tusimuache peke yake na bastola inayomutia hofu. Gari la kampuni linaenda Lubumbashi. Nafasi ya Ajida na sanduku lake, karatasi zikiwa sawa, haitalivunja. Sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 inaomba ruhusa na karatasi kwa kila silaha, na ruhusa ile inasema silaha, haisemi silaha iliyogeuzwa katika atelie ya magari.

Na kwa atelie yetu ninaomba neno moja liandikwe kwa mulango, kwa herufi kubwa: hakuna silaha katika eto, ya polisi, ya muwindaji, ya mukubwa ao ya mudogo. Kijana wa kazi hawezi kumukatalia mutu mwenye cheo na bunduki kiunoni. Kibao kinaweza.

Mama wa nyumba, kwenu nina neno la uzito. Uchunguzi wa madaktari wa Marekani uliotoka 1995 ulipima nguvu ya vidole vya watoto. Kati ya watoto wa miaka 3 na 4, mumoja juu ya wanne alikuwa na nguvu ya kutosha kuvuta gasheti za bastola nyingi. Na wale wa miaka 7 na 8, karibu wote. Na hizo ni gasheti kama zilivyotoka kiwandani. Mutoto anavuta na vidole viwili, ao na vidole gumba, bastola ikimuangalia uso. Basi kama kuna bunduki katika nyumba, ya kazi ao ya kuwinda, una haki ya kuuliza. Uliza iko wapi, uliza kama iko na sasi ao baruti ndani, na uliza kama kuna mutu aliyeitengeneza. Bwana akikasirika, mwambie ni fundi wa eto aliyekutuma. Bunduki ya kienyeji isilale na baruti na kapsili. Kapsili itolewe shambani, mbele ya kurudi katika njia ya muji. Nyuma ya mulango si mahali pa bunduki.

Ajida hakuninunia siku nyingi. Alifanya mazoezi yake kila jioni nyuma ya kambi, watoto wakifukuzwa mbali, na mwezi uliofuata alipata nafasi ya kushuka Lubumbashi. Bastola ilirudi naye. Fundi wa silaha aliiosha yote, akabadilisha resori moja, akapitisha jiwe mahali pamoja tu, akapima. Ajida alikuja atelie kunionyesha, safari hii alisimama nje ya mulango.

"Sasa inaomba kilo 3 na nusu, Papa Fundi. Haikwaruzi tena. Lakini bado ni ngumu kidogo."

Nikamwambia aiache vile vile.